Meli Kupigwa Picha Si Kuokolewa

Kila ninapomvua mtu miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha meli iliyozama kana kwamba yuko mbele yake, husikia neno lile lile: "Kumbe meli hii mmeshaiokoa!" Wanafunzi hulisema, wageni hulisema, juzi hata mfadhili kalisema. Hapana. Hatujaiokoa.

Anachokuwa ametoka kukiona ni Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa na ndege za Ujerumani katika Bahari ya Shamu, Oktoba 1941, ikiwa imesheheni pikipiki, malori na bunduki. Mwaka 2017 wazamiaji waliipiga picha zaidi ya 24,000, kompyuta ikaziunga zikawa umbo moja unaloweza kulizunguka. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini umbo lile ni la siku zile tu. Chuma chenyewe kinaendelea kuliwa na chumvi. Kwa miaka mingi boti za watalii zilifunga kamba kwenye mwili wa meli, na wimbi lilipoivuta boti, bati liling'oka. Wazamiaji nao wamechomoa vipande vya pikipiki wakaenda navyo kwao. Miwani haizuii hata moja kati ya hayo.

Tena kamera huona kilicho wazi tu. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697. Mbao zake zilizodumu ni zile zilizofukiwa na tope, pasipo hewa. Mpwani anayejua kwa nini jahazi hupakwa sifa (mafuta ya samaki) na shahamu haniulizi sababu: mbao ikikaa wazi baharini, wadudu huitoboa ikawa kama sega la nyuki. Mkuku, yaani uti wa chini wa merikebu ile, na mataruma, yaani mbavu zake, vilijulikana kwa kuchimba, kazi iliyoendelea hadi 1980, wala si kwa kupiga picha juu ya mchanga.

Faida kubwa ya umbo la kompyuta ni kupimia. Piga leo, rudi upige tena baada ya miaka mitatu, kisha laza moja juu ya jingine: utaona mchanga ulipohama na bati lilipoanguka. Ndiyo maana namwambia kila anayekuja na fedha: usizimalize safari ya kwanza. Tenga za kurudi, na utenge za boya la kufungia boti. Nitalisema hili mpaka nisikike.

Wengine hunijibu: "Basi itoeni majini." Meli ya mbao Vasa ya Sweden iliibuliwa 1961, ikanyunyiziwa dawa miaka 17 ili mbao zisisinyae. Mary Rose ya Uingereza iliibuliwa 1982, na dawa ikasimamishwa 2013. Nani atalipa hapa kwetu? Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji unataka kuyaacha mabaki palepale kufikiriwe kwanza.

"Dhahabu iko wapi?" Swali hili ndilo linalowaleta wezi. Tunatafuta mbao, mitungi, mizinga na kamba, maana hivyo ndivyo vinavyoeleza watu walivyoishi melini.

"Si mchezo wa kompyuta tu?" Hapa mwenye shaka ana haki kidogo. Katika kuonyesha Melckmeyt, meli ya Kiholanzi iliyozama Iceland mwaka 1659, wanaakiolojia waliweka mabaki waliyoyapima pamoja na umbo walilokisia. Kwa hiyo ukivaa miwani, muulize mwenyeji wako: kipi hapa kimepimwa, na kipi kimekisiwa? Akishindwa kukuonyesha mpaka, mrudishie miwani yake.