Mwalimu mkali na koo la mtoto: yanayosemwa Lubumbashi kuhusu kwaya za watoto

Lubumbashi ni mji wa kwaya. Kutoka Kamalondo hadi Ruashi ni vigumu kuipata parokia isiyo na kundi la watoto waimbao, na wazazi wengi wanatamani siku moja mtoto wao asimame kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo amevaa kanzu nyeupe. Mimi nafundisha wanaoanza, wale wa miaka 8 hadi 12, kabla hawajapokewa na maestro wa wakubwa. Mambo ninayoyasikia mlangoni, kwa mama na baba na hata kwa walimu wenzangu, mengine ni hekima na mengine yanaumiza watoto. Hayo ya pili ndiyo yananisukuma kuandika.

“Bila fimbo hakuna kwaya”

Hili linasemwa kwa nia njema. Baba anamleta mwanawe na kuniambia: “Mwalimu, mchape tu, mimi sitalalamika.” Anaamini kwaya kubwa za Ulaya zilijengwa hivyo.

Baadhi kweli zilipitia huko, na matokeo yake yameandikwa. Regensburg, Ujerumani, ina kwaya ya kanisa kuu ambayo asili yake inahesabiwa tangu mwaka 975. Mwaka 2017 ilitoka ripoti ya uchunguzi kuhusu yaliyowapata watoto wake tangu 1945: waliodhulumiwa walikuwa angalau 547, wengi wao kwa kipigo, na 67 kati yao kwa udhalimu wa kingono. Wengine walieleza miaka ile kuwa mibaya kuliko yote maishani mwao. Kwaya iliimba vizuri, ndiyo. Lakini ziko kwaya nyingine zilizoimba vizuri bila hayo, kwa hiyo fimbo haiwezi kujidai kuwa ndiyo iliyoleta sauti.

Tena hofu inaharibu sauti yenyewe. Mtoto anayeogopa hupandisha mabega, hukaza shingo na taya, na pumzi yake huwa fupi. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, linapanda, noti za juu zinabanwa na zinatoka chini kidogo ya mahali pake. Mwalimu anasikia sauti imeshuka, anafoka, mtoto anazidi kukaza.

Ukali ninaoutaka mimi uko sikioni. Mazoezi yanaanza saa kamili hata kama wamefika watoto wanne. Mstari mmoja unarudiwa mpaka irabu “a” ya watoto wote iwe “a” moja. Herufi “s” ya mwisho wa *Sanctus* inafungwa na wote kwa pamoja, siyo mvua ya “s, s, s” kutoka kila benchi. Na Kiswahili chetu kina sheria yake: katika “utuhurumie” mkazo unakaa kwenye “mi”, lakini watoto hupenda kuisukuma “e” ya mwisho kwa nguvu zote, na hapo sala inageuka kuwa kelele. Maestro mkali hairuhusu “e” ile ipite. Atasimamisha kwaya mara kumi kwa ajili yake bila kumtukana mtoto yeyote. Mtoto akirudi nyumbani akisema “leo tulirudia sana,” mzazi asihuzunike. Akisema “leo nilidharauliwa mbele ya wenzangu,” mzazi aje kuuliza.

“Mtoto mwenye sauti ni yule anayesikika mpaka barabarani”

Hapana, na hili ndilo linaloharibu makoo mengi kuliko yote. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na laini, na tabaka zake za ndani hazijakomaa. Zinaendelea kujengeka mpaka ujanani. Ukizigonganisha kwa nguvu kila wiki, zinavimba, na baadaye zinaota vinundu vidogo. Kabla ya kubaleghe, wavulana hupata vinundu hivyo kuliko wasichana, hasa wale wapiga kelele. Dalili yake ni sauti ya kukwaruza isiyoisha hata mafua yakiisha. Ikizidi wiki mbili au tatu, mtoto aache kuimba na apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kwetu kuna sababu za ziada. Kibodi na spika vinafunguliwa kwa nguvu, watoto wanashindana navyo. Kuanzia Juni vumbi la kiangazi limejaa hewani na asubuhi ni baridi. Mimi hufurahi umeme unapokatika katikati ya mazoezi, kwa sababu ndipo watoto wanapoanza kusikilizana.

Sauti ya mtoto hubebwa na wepesi. Naanzia juu, polepole, kwa “u”, kisha nashuka nao, ili ile sauti nyembamba ya kichwani iteremke pamoja nao. Kanisa kubwa lenye kuta za matofali litafanya kazi iliyobaki.

“Apewe tangawizi na yai bichi kabla ya misa”

Chakula na kinywaji havipiti kwenye nyuzi za sauti. Vingepita, mtoto angepaliwa. Tangawizi ya moto inaweza kutuliza koo kwa juu, sawa, lakini haioshi sauti, na yai bichi linaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Maji ya kawaida, yakinywewa tangu asubuhi, yanasaidia mwili mzima pamoja na koo. Na kunong'ona kwa kujikaza siyo kupumzisha sauti. Kunyamaza ndiko kupumzika.

“Huyu hana sikio, mrudishe nyumbani”

Watu ambao ubongo wao hautofautishi kabisa noti wapo, lakini ni wachache sana, chini ya 5 katika 100. Wengi tunaowaita hawana sikio wanasikia vizuri. Koo ndilo halijajua njia. Mtoto wa namna hiyo simlazimishi kufuata noti yangu. Namwacha atoe yake, kwaya nzima inamfuata pale alipo, na kwa mara ya kwanza anajisikia amelingana na wengine. Kutoka hapo tunapanda hatua moja, kisha nyingine. Inaweza kuchukua mwaka.

“Sisi muziki uko kwenye damu, solfeji ya nini?”

Solfeji ni kuimba noti kwa majina yake, do, re, mi. Wanaoikataa huwataja wavulana wa Kamina, mji wa Katanga ya zamani, na *Missa Luba*, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo na iliyorekodiwa mwaka 1958 na Padri Guido Haazen pamoja na watoto wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14 na walimu wao. Watu husema waliimba tu bila mafunzo. Sehemu nyingi zilibuniwa papo hapo, kweli, lakini huwezi kubuni Kyrie, sala ya “Bwana utuhurumie”, kwa mtindo wa kasala, wimbo wa jadi wa Waluba, kama hujalelewa ndani ya kasala. Hiyo ni shule, na ina walimu wake wakali. Hapa mjini mtunzi Joseph Kiwele, aliyefariki 1961, alizijua njia zote mbili, ya wazee na ya nota, na ndiye aliyetunga *Misa Katanga*.

Solfeji nayo ilibuniwa kwa ajili ya kufundisha. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo alichoka kuona waimbaji wakitumia miaka 10 kukariri nyimbo. Aliandika kwamba kwa njia yake mwaka 1 au 2 ungetosha, na kwamba baadhi ya watoto waliimba wimbo wasioujua kabla ya siku 3 kuisha.

“Kanisa linataka wavulana peke yao”

Papa Pius X aliagiza hivyo mwaka 1903. Hati ya Kanisa ya *Musicam Sacram*, ya mwaka 1967, inasema kwaya inaweza kuwa na wanawake pia. Mabinti waje.

“Akishavunja sauti, amekwisha”

Zoloto la mvulana hukua haraka na sauti inashuka karibu oktava nzima, mara nyingi kati ya miaka 12 na 14. Ya wasichana pia hubadilika, ila kidogo, na kwa muda huwa na pumzi nyingi ndani yake. Zamani mvulana aliamriwa kunyamaza kabisa miezi mingi, au alilazimishwa kubaki sauti ya kwanza kwa sababu maestro hakutaka kumpoteza. Kumlazimisha ni hatari. Kumnyamazisha kabisa hakuhitajiki, kama hana maumivu: aimbe kwa wepesi noti zile chache zinazotoka bila kujikaza, hata kama ni tano tu, na zipimwe upya kila baada ya wiki chache kwa kuwa zinahama.

Wangu wanaofika hapo nawapa kazi ya kutoa noti ya kuanzia na kuwasikiliza wadogo mmoja mmoja. Kitabu cha nyimbo kinabaki mikononi mwao na nafasi yao kwenye benchi haipewi mwingine, mpaka tujue kama ni tenori au besi.