Je, wajua? Ng'ombe aweza kuwa na brusela na nyama yake ikapigwa muhuri

Nianze na aibu yangu. Jioni moja tuko Mwembe Tayari kwenye mishkaki, nikamwambia ami yangu, mtu aliyechinja ng'ombe tangu ujana wake, ati mie siku hizi nyama naiogopa kwa sababu ya hii brusela, halafu hapo hapo nikainua gilasi ya mtindi wa maziwa mabichi nikaishusha yote. Ami akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani anacheka uoga wangu, kumbe anacheka gilasi.

Maanake nilikuwa nimekosea mara mbili. Nilidhani ugonjwa unakaa kwenye mnofu, na nilidhani mkaguzi wa nyama akiuona anautupa.

Brusela ni bakteria, wafugaji wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba, na kwa binadamu unaleta homa ya kuja na kuondoka, jasho usiku, mgongo na viungo kuuma, hata mtu anamaliza dawa za malaria na za taifodi na bado yuko vile vile.

Sasa mkaguzi. Yule anafanya kazi kwa macho, vidole na kisu. Anapasua ini akitafuta minyoo bapa, anakata tezi akitafuta vinundu vya kifua kikuu, anachana misuli ya taya na moyo akitafuta vilengelenge vya tegu, na hivo vyote vinaonekana. Brusela haina sura. Pengine goti limejaa maji, pengine kende moja imevimba, lakini mara nyingi hamna kitu, ng'ombe ana manyoya yanang'aa na nyama safi kabisa. Muhuri haudanganyi, ila swali hilo haukuulizwa.

Na mnofu wenyewe? Bakteria hawa wanapenda tezi, wengu, kiwele na zaidi ya vyote mfuko wa uzazi wenye mimba. Kwenye misuli huwa wachache, nyama ikishachinjwa inaingia uchachu ambao hawaupendi, na moto ukipita sawasawa unawamaliza. Kwa hivo mshkaki ulioiva si njia kubwa. Njia kubwa ni maziwa mabichi, na mtindi usikuhadae, kuganda si kuchemka, uchachu wake hauwaui wote kwa uhakika. Njia nyingine ni mikono ya kina ami: kidole kina mchubuko, unapasua mfuko wenye ndama, au maji yake yanakurukia jichoni.

Basi kama hauonekani, watu wanajuaje ng'ombe wangapi waliochinjwa walikuwa nao? Hapa ndo panaponifurahisha. Damu inapochuruzika shingoni unakinga kidogo kwenye tyubu, unaiacha igande, juu yabaki maji ya manjano. Tone moja la maji hayo unalichanganya na tone la bakteria wa brusela waliokwishauliwa na kutiwa rangi ya pinki, kipimo kinaitwa Rose Bengal, unakitikisa taratibu dakika 4 na kutazama.

Kama ng'ombe amewahi kukutana na brusela, maji yake yana kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazowajua wadudu hao. Fikiria feri ya Likoni imeshusha watu, kila mtu anakwenda zake. Sasa watie askari katikati, kila askari ana mikono miwili, mkono mmoja umeshika shati la huyu na wa pili umeshika la yule, na yule naye ameshikwa mgongoni na askari mwingine. Dakika chache tu hakuna anayetembea peke yake, ni mafungu mafungu, na hata ukiwa mbali unayaona. Askari wasipokuwepo, tone linabaki laini kama sirapu ya rosi. Wakiwepo, linafanya chengachenga kama maziwa yaliyokatika.

Lakini angalia, hapo umeona askari, hujamwona mwizi. Ukisoma kwamba asilimia fulani ya ng'ombe wa machinjioni wana brusela, mara nyingi maana yake ni kwamba wana kingamwili. Chanjo ya brusela ya ng'ombe, iitwayo S19, yaweza kuziacha, na kuna bakteria mwingine, Yersinia, mwenye ganda linalofanana, askari wanamkamata kimakosa. Na aliyeambukizwa juzi bado hajaandikisha askari.

Tena machinjioni si zizini. Jike aliyetupa mimba mara mbili mfugaji hamweki, anamuuza, mwisho wake kisu, kwa hivo machinjio yaweza kukusanya wagonjwa kuliko walivyo kijijini. Ila siku lori likileta madume machanga matupu, hesabu yaweza kushuka. Mie namba ya asilimia bila kuambiwa walikuwa majike au madume, wazee au vijana, siitii maanani sana.

Mtindo huu wa mafungu ni wa zamani. David Bruce alimpata bakteria huyu mwaka 1887 kwenye wengu za wanajeshi wa Uingereza waliokufa kisiwani Malta, lakini hakuna aliyejua anatoka wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akapima damu ya mbuzi wa pale, mbuzi wazima wanaokamuliwa mlangoni kwa watu, ikafanya mafungu. Mwaka uliofuata wanajeshi wakakatazwa maziwa ya mbuzi na homa ikaporomoka. Mbuzi wenyewe hawakuwa hata na kikohozi.