Kabla ya Kufunika Kiwanda kwa Vioo: Maelezo kwa Wenye Nyumba za Kale Lamu

Malalamiko yanayoletwa kwetu wahifadhi kuhusu vyumba vya vioo katika mji wa kale yameongezeka. Mengi yanatoka mtaa wa Mkomani, machache mtaa wa Langoni, na karibu yote yanafanana. Mwenye nyumba ya mawe amefunika kiwanda chake, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kwa vioo na alumini, au ameinua chumba cha vioo juu ya dari, yaani paa bapa la nyumba, apate pa kupokea wageni bila kunyeshewa, kisha jirani anakuja kushtaki maji, joto au kuvunjiwa sitara. Sisi huitwa fremu zikiwa zimeshafungwa na fundi ameshalipwa, wakati ambapo lolote tutakalosema litaonekana la uonevu.

Hatumchukulii mwenye nyumba kuwa ni mharibifu. Watoto wameongezeka, wengine wamegeuza vyumba kuwa vya wageni, na kiwanda kinacholowa masika yote kinaonekana ni nafasi inayopotea bure. Haja hiyo ni ya haki. Ila kiwanda katika nyumba ya Lamu si nafasi iliyobaki baada ya ujenzi. Aliyejenga alianza na hicho, na nyumba nzima inakitegemea.

Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: msana, yaani ukumbi ulio wazi upande wa kiwandani, kisha ndani, chumba cha nyuma yake. Vyumba vya nyuma aghalabu havina dirisha hata moja. Hewa na mwanga vyote vinapitia kiwandani. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ya baridi hushuka na kuingia msanani, iwe kaskazi au kusi. Ukiziba juu, umeziba njia ya pekee. Tena Lamu iko nyuzi mbili na ushei tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri mwaka mzima liko karibu na utosini, na paa la kioo linalipokea lote. Chumba cha namna hii kilibuniwa katika nchi za baridi, ambako watu wanalitafuta jua. Sisi nyumba zetu zote, pamoja na vichochoro, zilijengwa kulikimbia. Anayefunika kiwanda leo ataweka kiyoyozi baada ya miezi michache, na maji ya kiyoyozi hicho yatatiririkia ukutani.

Kwenye ukuta ndiko kwenye hasara kubwa, na wengi hawaioni mpaka imeiva. Ukuta wa mawe ya tumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, hunywa unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huutoa polepole kupitia lipu yake ya chokaa. Hewa ya kiwandani ndiyo inayoukausha. Fundi wa alumini anapokuja, jambo la kwanza hupiga saruji pale fremu inapokaa, kwa sababu chokaa haishiki skrubu zake. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji yakizuiwa hapo hupanda juu zaidi na kubeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hulipasua. Gonga lipu ya saruji ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole, usawa wa goti hadi kiunoni: inalia kama debe tupu. Ibandue, na nyuma yake utakuta unga mweupe wenye ladha ya chumvi mahali palipokuwa jiwe.

Unyevu huo ukifika kwenye kichwa cha boriti, sehemu ile iliyozama ukutani, boriti inaoza ikiwa imefichika. Nje inaonekana nzima, rangi nyekundu na nyeusi bado ipo. Katika nyumba moja iliyofunikwa nilichomeka bisibisi kwenye kichwa cha boriti ya msana wa juu, ikaingia mpaka kwenye mpini bila kusukuma kwa nguvu. Watoto walikuwa wanalala chini ya dari ile.

Sasa ongeza uzito. Kila milimita moja ya unene wa kioo ina kilo mbili na nusu kwa mita mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 6 kina kilo 15. Kiwanda cha mita 4 kwa 5 kitahitaji kilo 300 za kioo peke yake, kabla ya fremu, kabla ya fundi kupanda juu kusafisha. Uzito huo wote unawekwa juu ya ukingo wa kuta ambazo hazikujengwa kuubeba na ambazo, mara nyingi, nusu yake ni ya jirani. Tunaambiwa, "Ni kioo tu, si ukuta." Kilo 300 hazijui kama ni kioo au ni jiwe.

Na maji je? Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa hilohilo la mita mraba 20, likinyeshewa milimita 50 usiku mmoja wa mwezi wa Mei, litakusanya lita 1,000. Zamani maji hayo yaliangukia sakafuni kiwandani na kutoka kwa njia yake. Sasa yote yanamwagwa na mlizamu mmoja, na mlizamu huo, katika malalamiko mengi niliyoyashughulikia, umeelekezwa kwenye ukuta wa pamoja au kwenye kichochoro ambacho mtaro wake hauwezi kuyachukua. Jirani anaamka na kuta zinavuja jasho, hajui kwa nini.

Kuhusu vyumba vya vioo juu ya dari sina haja ya kurefusha. Kinachoonekana kutoka pale ni kiwanda cha mwenzako, ambako wanawake wa nyumba hiyo wanafua, wanapika na kukaa bila buibui. Watu wa mji huu wanalijua hilo kuliko mimi.

Nije kwenye kibali, maana hapa ndipo penye maneno mengi yasiyo sahihi. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Hiyo ni sheria ya kwanza. Ya pili ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi (Physical and Land Use Planning Act) ya 2019, inayomtaka kila mtu anayefanya uendelezaji ndani ya kaunti awe na kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuanza. Kuongeza chumba, kufunika uwazi, kubadilisha umbo la jengo, vyote ni uendelezaji. Kibali kimoja hakiondoi haja ya kingine. Barua ya mzee wa mtaa si kibali. Kauli ya chifu si kibali. Kwamba nyumba ya pili kutoka kwako tayari ina vioo pia si kibali, na huenda mwenye nyumba hiyo naye ana ilani mkononi.

Utaratibu ni huu. Unaanza kwa wahifadhi wa mji wa kale, ukiwa na picha za kiwanda kutoka pande zote na mchoro wa mkono wa unachokusudia. Hapo hulipishwi neno, unashauriwa. Baada ya hapo mtaalamu aliyesajiliwa anachora ramani za jengo lilivyo na litakavyokuwa, pamoja na mkato unaoonyesha urefu wa kuta za majirani. Maombi yanapelekwa idara ya mipango ya kaunti yakiwa na ushahidi wa umiliki. Nyumba ikiwa ya wakfu au ya warithi ambao hawajagawana, ridhaa yao ya maandishi iambatanishwe, na naomba hili lisipuuzwe, kwani maombi mengi yanakwama hapo na mwenye nyumba anadhani anacheleweshwa kwa makusudi. Kaunti ina siku 7 za kusambaza nakala kwa taasisi zinazohusika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni.

Wapo waliosikia kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kibali kimetolewa. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini hiyo ni sheria ya mipango. Haimpi mtu ruhusa chini ya sheria ya urithi, wala haihusu maombi ambayo hayakukamilika. Kuhesabu siku na kuita mafundi siku ya 61 ni kujitafutia kesi.

Anayejenga bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kabla ya hapo hupewa ilani ya utekelezaji inayoeleza kosa, hatua za kuchukua na tarehe. Aliyepewa ilani ana siku 14 za kukata rufaa kwenye Kamati ya Uhusiano ya kaunti, na aliyenyimwa kibali ana siku 14 vilevile. Asiyeridhika na kamati anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Adhabu za sheria ya urithi ni nyingine, zaidi ya hizo. Ilani ikipuuzwa, kupuuza kwenyewe ni kosa jingine, kwa hiyo tafadhali usiifungie kabatini.

Yapo yanayowezekana, na tungependa watu waje kuyauliza kabla ya kununua alumini. Mwenye kutaka pa kukaa pakavu anaweza kuufunga msana, si kiwanda, kwa milango ya mbao ya kukunja yenye luva, ili mvua ya upepo isiingie na hewa ipite. Kiwanda kinaweza kuwekewa turubai la kuvuta na kukunja, linalotandazwa saa za jua na mvua, juu ya nguzo za mbao zinazosimama zenyewe bila kutoboa ukuta. Likikunjwa, nyumba inabaki ilivyokuwa. Paa la kudumu tunalijadili mara chache, na sharti la kwanza ni kwamba lisigusane na kuta za kale, liache mwanya wazi pande zote wa kutosha kupitisha hewa, na maji yake yarudi kiwandani kwa mwenyewe. Kioo chochote cha juu ya vichwa vya watu kiwe cha tabaka mbili zenye utando katikati, kisidondoke vipande kikivunjika. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida kikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi vyote viwili vinalika. Lipu iwe chokaa. Mchanga usichotwe kwenye vilima vya Shela, maana vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa.

Aliyekwisha kujenga asingoje kushtakiwa. Alete picha, risiti ya vifaa na jina la fundi, tupime kichwa kwa kichwa boriti zinazozunguka kiwanda na tuangalie mlizamu unamwaga wapi. Mara nyingi kuondoa vioo vya juu na kubandua saruji kunatosha, fremu za pembeni zikabaki baada ya kuombewa kibali. Kazi ya kubandua ifanyike wakati wa kaskazi, ukuta upate miezi ya kukauka kabla ya masika, na chokaa ipigwe ukuta ukiwa mkavu.