"Ukimpa maji ndiyo anazidi kuharisha": tunayoyaamini kuhusu tumbo

Bibi alifika kwenye kituo chetu cha afya kabla jua halijapanda, ametokea vijiji vya upande wa Bahi, mjukuu wa miezi 11 mgongoni. Nikamsalimu, "Mbukwa, bibi." Akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekesha. Mtoto macho yameingia ndani, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Nikauliza amekunywa nini tangu jana.

"Hajanywa kitu, mwanangu. Ukimpa maji ndiyo anazidi kuharisha."

Miaka yote ya uuguzi wangu hapa Dodoma, hakuna maneno yanayoniumiza kama hayo. Na bibi hakuwa mzembe. Aliona kwa macho yake: mtoto anakunywa, kitambo kidogo anaharisha. Kilichofichika kwake ni kinachotendeka ndani.

Wengi tunalichukulia tumbo kama bomba, kwamba kilichoingia juu ndicho kinachotoka chini. Lakini ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na tabaka moja tu la seli hai, lililojikunja kuwa vijidole vidogo mno, mfano wa nyuzi za taulo. Upande mmoja wa seli unatazama chakula, upande wa pili unatazama damu, na seli ndiyo inayoamua nini kipite na kwenda wapi. Mtoto anapoharisha sana, sehemu kubwa ya maji yanayomtoka hayakutoka kwenye kikombe. Yametoka kwenye damu yake mwenyewe. Kumnyima maji hakufungi kitu, kunamkausha tu.

Kipindupindu kinalionyesha jambo hili wazi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Sumu ya bakteria wake haiui seli za utumbo. Inaziamuru zifungue milango ya kloridi, chumvi inamwagika ndani ya utumbo, maji yanaifuata, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Ila kuna mlango mwingine ambao sumu hiyo haiufikii. Mlango huo hupitisha glukosi, ambayo ni aina ya sukari, pamoja na sodiamu ya chumvi, na vikipita kwa pamoja huvuta maji kurudi mwilini. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza utaratibu huo mjini Prague mwaka 1960, na juu yake ndiyo imesimama pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, tunayoikoroga kwenye jagi. Sukari haimo kwa ajili ya utamu wala kumpa mtoto nguvu. Ndiyo inayoufungua mlango. Ndiyo maana soda haiwezi kuchukua nafasi yake: sukari yake ni nyingi kupita kiasi na chumvi ni kidogo, hivyo badala ya kuingiza maji mwilini inayavuta kuyarudisha utumboni. Ndiyo maana pia pakiti ya lita 1 inakorogwa kwenye lita 1 kamili, bila kukadiria.

Aliye chini ya miaka 2 anapewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Ziwa la mama lisikatishwe hata siku moja. Ongeza na zinki, siku 10 hadi 14, ambayo huzisaidia hizo seli kujijenga upya. Kinamama wengi huiacha mara choo kinapokaza, na hapo ndipo ilikuwa haijamaliza kazi. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au mwenye damu kwenye choo, huyo ni wa kukimbizwa kituoni muda uleule.

"Ni meno ya plastiki, yang'olewe"

Imani hii bado ipo, na lazima niiseme. Mtoto akiharisha na kupata homa, fizi zinatazamwa, panaonekana pamevimba pale chonge zitakapoota, anapelekwa kwa mtu anayezichokonoa kwa chuma. Nimeona fizi zilizooza. Wapo watoto wanaokufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi, na anayepona anaweza asiote tena chonge za kudumu.

Kwa nini imani inadumu? Kwa sababu baada ya siku chache mtoto anaacha kuharisha kweli, na shukrani zinamwendea mng'oaji. Aliyeponya ni utumbo wenyewe. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wengi, huua seli zilizo kwenye ncha za vile vijidole. Chini yake, kwenye vishimo, kuna seli mama zinazojigawa usiku na mchana, na seli mpya hupanda hadi nchani kwa siku 3 hadi 5. Zikishafika, choo kinakaza. Ingekuwa hivyo hata kama fizi zisingeguswa. Vidonge vya Flagyl, ambavyo ni antibiotiki, vinavyonunuliwa kwa kila tumbo linaloharisha husifiwa kwa kosa lilelile, kwani haviui virusi. Kinga ipo: chanjo ya rota imekuwa kwenye ratiba yetu tangu 2013, na hutolewa kwa matone mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili"

Pilipili huwasha kidonda, haikichimbi. Tumbo hutengeneza tindikali kali sana, na seli zake hujilinda kwa ute mzito uliochanganyika na bikaboneti, kemikali inayopoza tindikali. Kidonda kinaanza ngao hiyo inapovunjika, na wavunjaji wakuu ni wawili.

Wa kwanza ni bakteria, Helicobacter pylori. Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth nchini Australia, walifanikiwa kumwotesha maabara mwaka 1982. Wenzao hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria huyo mwenyewe, tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Dawa yake ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na ya kupunguza tindikali, kwa siku 10 hadi 14, si maziwa. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha yanalichochea tumbo litoe tindikali zaidi.

Wa pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Zinazuia kemikali inayoziagiza seli zitoe ute. Dereva mmoja wa bodaboda alinibishia, "Mimi nachoma sindano, nesi, haipiti tumboni." Inapita, kwa njia ya damu, kwa sababu seli za tumbo zinalishwa na damu hiyohiyo. Alikuja kwetu choo chake kikiwa cheusi kama lami. Hiyo ni damu iliyopita kwenye tindikali, na haisubiri kesho.

"Mlenda unapaka kuta za tumbo"

Sisi wa huku ugali wa uwele bila mlenda haukamiliki, kwa hiyo ninalisema hili kwa upendo: ute wa mlenda hauzibi kidonda. Ute unaolinda tumbo hutengenezwa na seli zetu wenyewe. Faida ya mlenda iko chini zaidi. Nyuzinyuzi zake hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, bakteria wa huko wanazichachusha, na mojawapo ya wanachotoa ni asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana.

Na "kusafisha tumbo" kila mwezi kwa dawa za kuharisha? Seli kuukuu hujidondokea zenyewe kila siku na kutoka na choo. Hakuna tope lililoganda ukutani.

Mjukuu wa bibi alianza kunywa saa tatu asubuhi, kijiko kwa kijiko, bibi akishika kikombe. Adhuhuri akakojoa. Bibi akaninyoshea kanga iliyolowa nione.