Mizani Haipigi Simu: Dhana Potofu Kuhusu Kumfuatilia Mgonjwa wa Moyo Akiwa Nyumbani

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Daktari mwenzangu anayetaka kuanzisha mpango wa kuwafuatilia nyumbani wagonjwa wenye moyo kushindwa kufanya kazi alinionyesha orodha yake ya manunuzi: mizani mia, vipima presha mia, na simu za kurushia vipimo. Nikamuuliza namba hizo zitasomwa na nani Jumamosi usiku. Akajibu, "Mfumo wenyewe utatoa tahadhari." Utampa nani? Hapo akanyamaza.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba mgonjwa akishakabidhiwa kifaa basi anafuatiliwa. Huyo anapimwa tu. Uzito wake umepanda kilo mbili na nusu tangu juzi kwa maji yanayojaa mwilini, namba imekuwa nyekundu kwenye kioo, na yule mwenye mamlaka ya kuongeza dozi ya furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ataiona Jumatatu baada ya kikao cha asubuhi. Kufikia saa hiyo mgonjwa ameshakesha ameketi kwenye kiti kwa sababu akilala pumzi zinakata, na huenda ameshafikishwa mapokezi ya dharura. Kifaa kilifanya kazi yake barabara, na mpango ukashindwa.

Wala hili si jipya. Marekani walifanya utafiti wa Tele-HF, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa waligawanywa makundi mawili; kundi moja lilitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mashine iliyowauliza dalili na uzito. Baada ya siku 180, waliokuwa wamekufa au kulazwa tena walikuwa asilimia 52.3 kwenye kundi la simu na 51.5 kwenye kundi la huduma ya kawaida. Asilimia 14 ya waliopangiwa simu hawakuipiga hata mara moja.

Mwaka 2018 Wajerumani wakaja na utafiti wa TIM-HF2, wagonjwa zaidi ya 1,500. Vifaa vyao havikuwa vya miujiza: mizani, kipima presha, kipimo cha umeme wa moyo na cha oksijeni. Lakini nyuma ya vifaa hivyo kulikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, siku zote, wanaopanga wagonjwa kwa kadiri ya hatari na kuwapigia simu. Siku zilizopotea kwa kulazwa ghafla kwa maradhi ya moyo au kwa kifo zilikuwa 17.8 kwa mwaka, dhidi ya 24.2 kwa wenzao wa huduma ya kawaida. Vifo vilikuwa 7.86 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11.34. (Wenye sonona kali waliachwa nje ya utafiti huo, jambo ambalo mashabiki wake hulisahau. Wagonjwa wako hawatachujwa hivyo.)

Kwa hiyo ushauri wangu, nao naurudia hadi wenzangu wanakunja uso: kabla ya kununua mizani ya kwanza, andika kwenye karatasi moja nani anapokea tahadhari, anapaswa kumpigia mgonjwa ndani ya saa ngapi, na anaweza kuongeza dawa hiyo ya kutoa maji kiasi gani bila kumsubiri mtu. Muuguzi asiye na agizo la maandishi la kubadilisha dozi atabaki kutafuta daktari kwa simu mchana kutwa. Andika pia nani atapima damu, yaani potasiamu (chumvi ya damu) na kreatinini (kipimo cha figo), baada ya dozi kupanda, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kama karatasi hiyo haijazwi, pesa za mizani zitumie kuongeza muuguzi.

Zipo na dhana nyingine. "Uzito haujapanda, basi yuko salama." La. Kanuni ya zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu inasaidia, lakini inakosa wengi. Shinikizo ndani ya moyo linaweza kupanda bila mizani kusogea, kwa damu kuhama tu kutoka mishipa ya tumboni. Na mgonjwa anayekonda nyama huku akijaa maji husoma namba ile ile wiki nzima. Muulize analalia mito mingapi; anayeongeza mito huenda pumzi zinamkata akilala. Kwenye utafiti wa CHAMPION wa mwaka 2011, wagonjwa 550 waliwekewa kihisio cha kupima shinikizo ndani ya ateri ya mapafu, na kwa wale ambao madaktari wao walioneshwa vipimo, kulazwa kwa moyo kushindwa kulipungua kwa asilimia 28 ndani ya miezi sita. Hata hapo, waliobadilisha dawa kwa kufuata namba walikuwa watu.

"Tukibana mipaka ya tahadhari, kengele ilie kwa badiliko dogo tu, tutakuwa salama zaidi." Mtakuwa na wauguzi wanaozima kengele bila kuangalia. Mipaka ipangwe kwa kila mgonjwa, kutokana na uzito wake akiwa hana maji ya ziada.

"Wazee hawawezi vifaa hivi." Wastani wa umri kwenye TIM-HF2 ulikuwa miaka 70. Wanaoshindwa kwetu mara nyingi ni wale tuliowaelekeza kwa dakika tano wakiwa na mabegi mkononi, na hakuna aliyewaambia kwamba mizani haikai juu ya zulia.

"Nikituma vipimo vibaya, gari la wagonjwa litakuja." Hii ni ya wagonjwa, nayo ni ya hatari. Kifua kikibana, ukizimia, au ukikosa pumzi hali umetulia, piga simu ya dharura. Usikae kusubiri tusome.

Na ile ya watoa huduma: "Hajatuma siku tatu, atakuwa amechoka tu." Huenda. Huenda pia hawezi kusimama juu ya mizani. Mimi napiga simu siku ya pili, na asipopokea nampigia anayeishi naye.