Safari ya mhusika ni nini? Nate, Jamie na ubishi wa mashabiki wa Ted Lasso

Safari ya mhusika ni mabadiliko anayoyapitia mtu wa hadithi tangu tunapokutana naye hadi hadithi inapomwacha. Anaingia akiwa na tabia fulani na pengo fulani ndani yake, mara nyingi pengo ambalo mwenyewe halioni. Mambo yanamkuta, anafanya uamuzi, uamuzi unamgharimu, anafanya mwingine. Mwishoni tunamwona mtu tofauti, na tukirudi nyuma tunaweza kuonyesha kwa kidole mahali alipogeuka. Si lazima awe bora. Aliyeanza mpole akaishia katili amesafiri sawasawa na mlevi aliyeacha pombe.

Waliosoma fasihi sekondari wanakumbuka wahusika bapa, wenye upande mmoja wasiobadilika, na wahusika duara, na swali la mtihani lililowataka watoe mifano. Mgawanyo huo unalikaribia jambo hili bila kulifikia lote. Kumwita mhusika duara ni kusema ana pande nyingi na anaweza kubadilika. Safari ni njia yenyewe aliyopita: nini kilimsukuma, alikwenda kwa mwendo gani, na je, tulioneshwa au tuliambiwa tu. Swali hilo la mwisho ndilo linalowagombanisha mashabiki wengi, hata pale wanapodhani wanagombania mhusika ni mwema au mbaya.

Mfano ninaoupenda ni Ted Lasso, vichekesho vya soka vya Apple TV+ vilivyoanza Agosti 2020. Ted (Jason Sudeikis) ni kocha wa futiboli ya Kimarekani kutoka Kansas, anayeajiriwa kuifundisha AFC Richmond, klabu ya kubuni ya Ligi Kuu ya England, ilhali hata sheria ya kuotea haielewi. Mwenye klabu, Rebecca Welton (Hannah Waddingham), amemleta makusudi aivuruge timu, kwa sababu ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote mume aliyeachana naye, Rupert. Misimu mitatu ya kwanza ina sehemu 34, ya mwisho ikitoka Mei 31, 2023. Misimu miwili ya kwanza ilishinda tuzo ya runinga ya Emmy ya vichekesho bora mwaka 2021 na 2022. Ambaye hajautazama na hapendi kuharibiwa uhondo aishie hapa, maana nakwenda moja kwa moja hadi mwisho wake.

Vichekesho vya runinga kwa desturi hupenda wahusika wasiobadilika. Mchoyo akiacha uchoyo, wiki ijayo tutacheka nini? Ndiyo maana kila sehemu inapoisha watu wanarudishwa walipokuwa. Ted Lasso ulikataa desturi hiyo. Ulitaka kuchekesha na papo hapo kila mtu akue, kuanzia mwenye klabu hadi mtunza vifaa, na kwa hiyo ukajipa mzigo ambao kwa kawaida hubebwa na tamthilia za machozi. Watazamaji nao wakaanza kuudai kama wanavyozidai tamthilia hizo: kila badiliko lilipiwe.

Soka inaongeza ugumu wake. Hadithi ya michezo ina kipimo kilicho tayari, yaani jedwali la ligi, na mwandishi mvivu hulitumia kama risiti: fulani amekuwa mtu mwema, ndiyo maana tumeshinda. Msimu wa kwanza wa Ted Lasso ulifanya jambo la kijanja zaidi, na kwangu ndilo jambo bora katika mfululizo mzima.

Jamie Tartt (Phil Dunster) ni mshambuliaji kijana aliyekuja kwa mkopo kutoka Manchester City. Ana kipaji na majivuno, na hatoi pasi. Ted anatumia muda mwingi kumshawishi awaone wenzake, bila mafanikio, na mkopo unakatizwa Jamie anarudishwa City. Siku ya mwisho ya ligi Richmond inakutana na City hiyo hiyo na sare tu ingetosha kuibakisha. Dakika za mwisho Jamie ana mpira, ana nafasi ya kupiga, na kwa mara ya kwanza anampasia mwenzake aliye huru. Bao. Richmond inashuka daraja. Kwa maneno mengine, kocha amefaulu kumbadilisha mchezaji wake, na mafanikio hayo ndiyo yaliyomzamisha. Baada ya mechi Ted anamwona baba yake Jamie akimfokea mwanawe kwa sababu ya pasi ileile, na badala ya kuondoka na hasira zake anamtumia kijana kikaratasi cha kumpongeza kwa kuitoa.

Katika tukio hilo moja tunapata vyote vitatu: badiliko, gharama yake, na sababu ya lile pengo la mwanzo. Jamie hakuwa mbinafsi tu kwa kuzaliwa. Nyuma yake yuko mzee anayehesabu pasi kuwa udhaifu. Kuanzia hapo safari yake inakwenda taratibu na inayumba. Anaiacha City akashiriki kipindi cha runinga cha kutafuta wapenzi, anarudi Richmond akiomba kupokewa, wenzake hawamtaki. Wakati Sam Obisanya, mchezaji kutoka Nigeria, anapofunika kwa utepe nembo ya mdhamini kwenye jezi yake kupinga uharibifu wa mazingira nchini kwao, Jamie naye anafunika ya kwake. Kule Wembley, baada ya City kuwafunga 5-0 katika nusu fainali ya Kombe la FA, baba yake anaingia chumba cha kubadilishia nguo kuwadhalilisha, na Jamie anampiga ngumi. Kimya. Roy Kent (Brett Goldstein), aliyekuwa nahodha na hasimu wake, anakwenda kumkumbatia bila neno. Msimu wa tatu ndiye anayependekeza timu isicheze kwa kumtafuta yeye afunge, icheze kupitia kwake. Mchoyo wa pasi amekuwa mgawaji wa pasi, na kila hatua tumeiona.

Sijakutana na shabiki anayebishana sana kuhusu Jamie. Ubishi unawaka kwa Nate.

Nathan Shelley (Nick Mohammed) ndiye mtunza vifaa. Tunapokutana naye wachezaji wanamwonea na hakuna anayejali jina lake, mpaka Ted anapomuuliza anaitwa nani. Kumbe ana akili ya mbinu za mchezo kuliko wote pale klabuni. Mwisho wa msimu wa kwanza anakuwa kocha msaidizi na watazamaji wanashangilia. Mwisho wa msimu wa pili amemsaliti Ted kwa kumwambia mwandishi wa habari kwamba kocha alitoka uwanjani kwa shambulio la hofu, si kwa tumbo kama ilivyotangazwa. Amelirarua bango lenye neno la kuamini lililokuwa moyo wa timu. Na amekwenda West Ham kuwa kocha chini ya Rupert, aliyeinunua klabu hiyo.

Kundi moja la mashabiki lilisema hilo halikuwa na msingi, kwamba waandishi walihitaji adui wakamgeuza kijana mpole kwa lazima. Mimi niko kundi la pili. Rudi msimu wa kwanza, kabla ya mechi na Everton, Ted anapomwachia Nate azungumze na wachezaji. Anawachambua mmoja mmoja kwa maneno makali, sote tunacheka, timu inashinda. Lakini sikiliza tena: ule ni ukali wa mtu aliyeuhifadhi kwa miaka. Karibu na mwisho wa msimu huohuo anadhani amefukuzwa kazi, akamtukana Rebecca kabla ya kugundua kwamba amepandishwa cheo. Tulicheka pia. Msimu wa pili dalili zinajipanga: baba asiyeridhika na lolote, mate anayotema kwenye kioo ili ajipe ujasiri wa kudai meza ya dirishani mgahawani, sifa za mitandaoni anazozisoma kama mwenye kiu, na kijana mpya wa vifaa, Will, anayetendewa na Nate yale yale Nate aliyotendewa. Ukiutazama mara ya pili, msimu mzima unasomeka kama mashtaka.

Ugumu ni kwamba dalili nyingi zilivaa nguo za kichekesho. Katika hadithi ya aina hii mtazamaji amezoea kwamba matusi ni mzaha, hivyo hayaandiki popote kichwani, na siku yakigeuka usaliti anajiona amedanganywa. Kwa hiyo waliosema hakukuwa na sababu hawakutazama kwa uzembe. Walitazama vichekesho kama vinavyotazamwa.

Pia kuna suala la Ted kuwa na hatia au la. Nate anamlalamikia wakati wa mapumziko ya mechi ya mwisho kwamba alimfanya ajione mtu muhimu kuliko wote, kisha akamtupa. Hata picha ambayo Nate alimpa Krismasi, Ted hakuitundika ofisini. Mfululizo unaonyesha kwa haraka kwamba picha hiyo iko nyumbani kwa Ted. Wapo wanaoichukua kuwa ushahidi kwamba Nate hakuwa na haki ya kulalamika. Wengine, nami nikiwemo, wanaona kwamba upendo usioonwa na anayependwa haumsaidii kitu, na kwamba Ted, akiwa anapambana na hofu zake na kifo cha baba yake aliyejiua, kweli aliacha kumwangalia. Uzuri wa safari iliyoandikwa vizuri ni huo: pande zote mbili zinaonyesha ushahidi kutoka katika tukio lilelile.

Kurudi kwa Nate ndiko nisikoweza kukutetea sana. Msimu wa tatu anaanza kulainika kwa mapenzi ya Jade, mhudumu wa mgahawa uleule wa meza ya dirishani. Rupert anajaribu kumvuta kwenye maisha yake ya kuhangaika na wanawake, Nate anaondoka ukumbini akarudi kwa Jade. Halafu sehemu inayofuata tunakuta hayupo tena West Ham. Uamuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake mapya, kumwambia Rupert basi, hatukuoneshwa. Tulipewa matokeo. Kuanguka kwake kulichukua msimu mzima, kila ngazi ikihesabiwa, na kupanda kwake kukaruka ngazi ile iliyokuwa na uzito. Na ajabu ni kwamba msimu huo haukukosa muda: msimu wa kwanza ulikuwa wa sehemu za nusu saa hivi, wa tatu ukafika sehemu za saa nzima na zaidi.

Yapo matukio yanayouokoa msimu huo kwa kiasi. Baba yake anamwomba radhi kwa kumkandamiza tangu utotoni. Kocha Beard, msaidizi na rafiki wa Ted, ambaye hakutaka kabisa kumsamehe, anakwenda mlangoni kwake na kueleza jinsi Ted alivyowahi kumsamehe yeye kwa kosa zito. Nate anarudi Richmond kama msaidizi wa mtunza vifaa, chini ya Will, na hilo ni pigo zuri la uandishi. Anayesema alisamehewa kirahisi na anayesema alirudi chini kabisa alikoanzia wote wana hoja, kwa sababu mmoja anapima msamaha aliopewa na wengine, mwenzake anapima nafasi aliyoichukua mwenyewe.

Kuna kosa la tathmini linalojirudia: kudhani kila mhusika anastahili safari ndefu. Dani Rojas, mchezaji mchangamfu, na Higgins, mkurugenzi wa klabu, hawaendi mbali na hakuna tatizo. Vichekesho vinawahitaji wabaki walivyo. Hata Ted mwenyewe habadiliki sana kwa nje. Kazi yake katika hadithi ni kuwabadilisha wengine, na safari yake ndogo ni kujifunza kwamba bashasha yake ilikuwa pia namna ya kujificha, jambo analolifikia akiwa na mwanasaikolojia wa timu, Dk. Sharon, baada ya kumkimbia mara kadhaa.

Keeley Jones (Juno Temple), mwanamitindo aliyeajiriwa kuitangaza klabu na aliyewahi kuwa mpenzi wa Jamie kisha wa Roy, ni kesi tofauti. Huyu alipewa mambo mengi: kampuni yake mwenyewe ya mahusiano ya umma, mapenzi na mfadhili wake Jack, kurudiana na kuachana na Roy. Lakini kuwa na matukio mengi si kusafiri. Alitolewa klabuni akawekwa ofisini mbali na watu waliokuwa wakimwibua, na mengi ya msimu wa tatu yanamtokea bila kumgeuza. Mwishoni Roy na Jamie wanamwendea pamoja wakimtaka achague kati yao, naye anawafungia mlango. Baadhi ya mashabiki walinuna. Mimi niliona ndio uamuzi wake wa kwanza msimu huo uliokuwa wake kweli, umekuja tu ukiwa umechelewa.

Machi 2025 Apple ilitangaza msimu wa nne, Ted akifundisha timu ya wanawake. Hapo kuna kesi mpya kabla hata ya kutazama. Ted aliondoka Richmond kwa sababu moja, mwanawe Henry aliyekuwa akikua Kansas bila baba karibu, na safari yake yote ilifungwa kwa uamuzi huo. Akirudi kufundisha, waandishi itabidi watueleze kwanza Henry yuko wapi, na watueleze kwa tukio tunaloliona.