Vidole vikifa ganzi kwa baridi, tazama kiganja na kucha

Vitabu tulivyosomea udaktari vinasema kidole chenye hali ya Raynaud, yaani kinachokosa damu kwa muda, huwa cheupe, kisha bluu, kisha chekundu damu inaporudi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862, na mpaka leo picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe. Ndiyo maana wagonjwa wetu huambiwa hawana kitu. Inaniuma kila ninapowasikia.

Kwenye ngozi nyeusi, mgongo wa kidole unaweza usionyeshe chochote. Geuza mkono. Tazama ncha za vidole upande wa kiganja na nyama iliyo chini ya kucha: hapo weupe huonekana. Kisha sikiliza hisia: ganzi, ubaridi, halafu mwako na kudunda damu ikirudi. Piga picha kwa simu wakati hali imekushika, maana ukifika kliniki vidole vitakuwa vimesharudi.

Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo ya damu inajibana kupita kiasi, kwa baridi au kwa hofu. Si lazima uishi kwenye baridi ya milimani kama Makete. Dar es Salaam anayeshika samaki wa barafu hupatwa, na karani aliyekaa chini ya kiyoyozi pia.

Glavu peke yake hazitoshi. Kifua kikipoa, mwili hupunguza damu ya mikononi ili kulinda joto la ndani, kwa hiyo anza na sweta, kofia na soksi. Vidole vikishakufa ganzi, viweke kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Usivisogeze kwenye jiko la mkaa, utaungua bila kujua. Sigara acha kabisa. Mtajie daktari dawa zako zote, kwani propranololi na atenololi, dawa za presha na moyo, huweza kuzidisha tatizo. Wengine huhitaji nifedipini au amlodipini, dawa za kulegeza mishipa, kwa kuandikiwa.

Msichana aliyeanza akiwa na miaka 15 au 20, mikono yote miwili, bila dalili nyingine, mara nyingi hana ugonjwa mwingine nyuma yake. Ninaoshtuka nao ni walioanza baada ya miaka 40, wanaoshikwa mkono mmoja tu, wenye ngozi inayokakamaa, au viungo vinavyovimba. Hao nawapima lupasi na skleroderma, magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Wapasua mbao wa Mufindi nao nawauliza wameshika chensoo miaka mingapi, kwa sababu mtetemo huharibu mishipa ya vidole. Kidonda kwenye ncha ya kidole, au kidole kinachogeuka cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.